Ushahidi Si Ngwatio

Vijana wangu, katika Nyeri hii yote simjui mtu aliyesema uongo mwingi kuliko mimi. Nimesema nilikuwa nyumbani na watoto, kumbe nilikuwa kilabuni. Nimesema huyu kondoo ni wangu tangu azaliwe. Nimesema sikumpiga mke wangu, alianguka mwenyewe juu ya mwiko. Yote hayo niliyasema mchana, kwa sauti kubwa, mbele ya hakimu, na jioni nikarudi nyumbani nikala, nikaomba, nikalala usingizi mzuri. Nilikuwa mkalimani wa korti.

Mkalimani hasemi, "Shahidi anasema kwamba alimwona." Anasema, "Mimi nilimwona." Hivyo ndivyo alivyonifundisha Mzee Josfati, mkalimani niliyemkuta pale nilipoajiriwa, miaka michache baada ya bendera kubadilishwa. Siku ya kwanza nilimtafsiria mwizi wa kuku kwa kusema "huyu anasema," na Mzee Josfati akanivuta koti kwa nyuma.

"Wewe ni nani hata uanze kusema huyu anasema?" alininong'oneza. "Unajitenga naye ili iweje? Masikio ni yako. Mdomo ni wa serikali. Sema mimi!"

Nikasema mimi. Mke wangu, Nyambura, alipenda kuniuliza jioni nikivua viatu, "Leo umefanya nini, baba watoto?" Nami namjibu, "Leo nimeiba mahindi, nikakana, halafu mchana nikavunja mlango wa duka." Anasema, "Basi nawa mikono kwanza."

Ilikuwa kazi nzuri na namshukuru Mungu kwayo. Ilinisomeshea watoto. Lakini leo sitaki kuwasifia kazi. Nataka kuwaambia kitu kilichonichosha roho miaka yote ile, na ambacho bado kinanichosha, kwa sababu naona mmekirithi.

Kitu hicho ni neno moja dogo, kusaidia.

Kila asubuhi watu walikuwa wakiota jua nje ya korti wakisubiri kuitwa. Napita na faili zangu, nasimama kusalimia. "Mzee, umekuja kwa kesi gani?" Ananijibu bila hata kupunguza sauti, "Nimekuja kumsaidia Kamau na ushahidi." Namuuliza, "Uliona mambo yenyewe?" Ananitazama kana kwamba nimemuuliza rangi ya chupi yake. "Ati kuona? Nimekwambia nimekuja kusaidia."

Hapo ndipo ningetamani kuketi chini. Unamweleza mtu kwamba ushahidi si wa Kamau, ni wa korti. Unamweleza kwamba ukishaapa, ukasema jambo unalojua si la kweli, na jambo lenyewe ni la maana katika kesi, hilo ni kosa la jinai ambalo unaweza kufungwa hadi miaka saba, wewe mwenyewe, Kamau akiwa amekaa nyumbani anakunywa uji. Anaitikia kwa kichwa kwa heshima yote. "Asante, karani. Nimeelewa." Kisha anaingia ndani kusaidia.

Na Biblia? Hebu niwaambie. Ilikuwa kazi yangu pia kumpa shahidi Biblia, au Kurani kama ni Mwislamu, na kumwapisha. Mzee mmoja wa Tetu aliishika ile Biblia, akaigeuza, akaniuliza pole pole, "Karani, hii ni ya kanisa ama ni ya korti?"

"Ni ya korti," nikamwambia.

"Oo. Basi haina neno." Akainua mkono akaapa vizuri sana.

Nilimwambia Mzee Josfati nikiwa nimekasirika. Yeye alicheka mpaka akatoa leso. "Wewe mgeni. Kesho lete ya kwako." Kuanzia hapo nilikuwa nikija na Biblia yangu mwenyewe, ile ya kanisani, yenye jina la marehemu mama kwenye jalada. Mtu akiniuliza, namwambia, "Hii ni yangu. Jumapili niko nayo kanisani." Mngeona walivyokuwa wakikohoa! Wengine walisema heri waape kesho. Kumbukeni hilo, nyinyi mnaofikiri watu huogopa jela. Watu wa huku waliogopa kila kitu isipokuwa karatasi za serikali.

Sasa niwape kesi ya yule mtamba wa kijiji cha Giakanja.

Mkulima mmoja, nitamwita Muriithi, aliamka siku moja akakuta mtamba wake hayupo zizini. Mtamba wa gredi, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, karibu kupandishwa, ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba ile. Jana yake alikuwa amepita dalali wa mifugo aitwaye Salimu, kijana wa Majengo, mjini Nyeri, ambaye alikuwa akinunua mbuzi hadi Doldol na kuwauzia wenye bucha. Alikuwa ameuliza kama kuna mnyama wa kuuza, akaambiwa hakuna, akaenda zake. Hilo tu. Lakini alikuwa mgeni, alivaa kofia nyeupe, na alikuwa amemtazama yule mtamba. Akashikwa, akatiwa rumande, na kwa kesi ya wizi wa mifugo siku hizo mtu alikuwa akifungwa miaka mingi. Hakuwa na wakili. Alikuwa na mke na mtoto mchanga katika chumba cha kupanga.

Muriithi alileta mashahidi watatu, majirani zake. Wa kwanza akaapa, akasema kwa Kikuyu, nami nikatafsiri, Kiingereza kwa hakimu na Kiswahili kwa mshtakiwa:

"Nilitoka nje kujisaidia, jogoo wakiwika mara ya pili, nikamwona mshtakiwa akimvuta mtamba kwa kamba ya katani, amevaa koti la kijivu na kofia nyeupe, nikakohoa, akageuka, nikamwona uso."

Sawa. Wa pili akaapa. Naye pia alikuwa ametoka nje kujisaidia, jogoo wakiwika mara ya pili. Naye akaona kamba ya katani na koti la kijivu na kofia nyeupe. Naye akakohoa. Nikajiambia moyoni, leo Giakanja nzima ilijisaidia pamoja, na sasa wanasaidiana.

Nisimame kidogo hapo, kwa sababu hili lina faida kwenu. Watu hufikiri mwongo hutokwa na jasho na kutazama chini. Si kweli. Mtu wa kweli ndiye hutokwa na jasho. Anasema ilikuwa Jumanne, la, ngoja, ilikuwa Jumatano kwa sababu mama alikuwa amekwenda sokoni. Anarudi nyuma, anajisahihisha, anakasirika akiulizwa. Aliyefundishwa husema kwa mstari mnyoofu kama michai iliyopandwa kwa kamba. Miaka yangu yote sikuona mtu wa kweli akisema sentensi moja ndefu namna ile bila kujikwaa.

Shahidi wa tatu alikuwa Wanjohi. Huyu nilimjua. Tuliimba naye sauti ya chini katika kwaya. Alipoiona Biblia yangu aliitambua, lakini akaapa.

Akaanza. "Nilitoka nje kujisaidia." Nikatafsiri. "Jogoo wakiwika mara ya pili." Nikatafsiri. "Nikamwona mshtakiwa akimvuta mtamba kwa kamba ya katani." Nikatafsiri. Hapo Wanjohi akasita kidogo. Na mimi, jamani, sijui niseme nini. Mdomo ule wa serikali ulikuwa umeshaizoea njia. Ukaendelea wenyewe kwa Kiingereza, "Amevaa koti la kijivu na kofia nyeupe, nikakohoa."

Kalamu ya hakimu ikasimama. Hakimu huyo alikuwa mtu wa mkoa mwingine na hakujua Kikuyu hata neno, lakini macho alikuwa nayo.

"Bwana mkalimani, shahidi amesema hayo?"

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Bado."

"Bado?"

Korti ikacheka. Hakimu akagonga meza, akaniamuru nimwulize Wanjohi mshtakiwa alikuwa amevaa nini. Wanjohi, ambaye hakujua Kiingereza na hakujua watu wanacheka nini, akajinyoosha akasema, "Amevaa koti la kijivu na kofia nyeupe, nikakohoa."

Mpaka leo kuna watu Giakanja wanaosema nilifanya kusudi. Sikufanya kusudi. Mungu huweza kutumia hata mdomo uliochoka.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mzee, ni nani alikufundisha maneno haya?"

"Hakuna aliyenifundisha," Wanjohi alijibu, na nilimwona ameudhika kweli. "Mimi si mtoto. Tulikubaliana tu, ili tusipishane."

"Kwa nini?"

"Mheshimiwa, mwaka uliopita nilikuwa na kesi ya mpaka. Muriithi alikuja kortini akaniongelea. Sasa shida ni yake. Ni ngwatio."

Hakimu akanigeukia. Ngwatio ni nini?

Nyinyi wengine mmekulia mjini, kwa hiyo nitawaeleza kama nilivyomweleza yeye. Ni majirani kulimiana kwa zamu. Leo wote kwenye shamba lako, kesho wote kwenye langu. Hakuna mshahara, ila usipokuja kwangu, sitakuja kwako. Ni desturi nzuri sana, bila hiyo wajane wengi wa huku wangelala njaa. Wanjohi na wenzake walikuwa wameichukua wakaipeleka mpaka kizimbani, wakaapa kwa zamu kama watu wanaopalilia viazi. Nilimtafsiria hakimu nikaona aibu, si kwa ajili ya desturi bali kwa ajili yetu.

"Basi jibu," hakimu alisema. "Ulimwona mshtakiwa?"

"Tunajua ni yeye."

"Sikuuliza mnajua nini. Wewe ulimwona?"

Wanjohi alimtazama Muriithi. Nilimwombea pale pale nikiwa nimesimama. Sikuwa na ruhusa ya kumwambia lolote, kwa kuwa mdomo haukuwa wangu. Kisha akasema, "Nilimwona."

Nikasema kwa Kiingereza, "Mimi nilimwona." Nikasema kwa Kiswahili, nikimtazama Salimu, "Mimi nilimwona." Sijawahi kusema sentensi chungu kama ile.

Kesi ikaahirishwa. Watu watatu walikuwa wameapa kwamba walimwona, na ingawa hakimu alikuwa na shaka, wengine wawili walibaki imara na Salimu alikuwa peke yake. Nilipokuwa nikikusanya vitabu, vijana wenzake wa Majengo walimsogelea kabla hajarudishwa rumande. Nilisikia yote.

"Salimu, wao ni watatu, sisi pia tuko watatu," mmoja alisema. "Tutasema ulikuwa msikitini na sisi, alfajiri. Kwisha."

"Sikuwa msikitini."

"Tunajua hukuwa! Si tunakusaidia?"

"Nililala," Salimu alisema. "Mtoto alilia usiku, nikalala mpaka jua likatoka. Nyinyi mnajua, na mliniuliza siku ile kwa nini sikuja. Sasa niape Kurani kwamba niliswali, na sikuswali?"

"Wewe kijana, utafungwa kwa ujinga."

"Basi nifungwe nikiwa nimelala kweli."

Na siku ya kujitetea aliapa akasema hivyo hivyo mbele ya watu, kwamba alikuwa amelala, hakuamka kuswali. Mwendesha mashtaka alicheka. "Kwa hiyo hakuna aliyekuona?" Salimu akasema, "Mke wangu, na mtoto." Nilitafsiri nikafikiri, huyu hawezi kuwa amemchukua ng'ombe wa mtu, kwa sababu mwongo angechagua msikiti.

Hakimu akamuuliza kama ana shahidi mwingine. Salimu akasema hana. Kule nyuma, kwenye benchi la mwisho, mwanamke akasimama.

"Mimi niko," alisema.

Alikuwa Wangeci, mjane aliyekuwa akiishi chini ya shamba la Muriithi, karibu na kijito. Muriithi alimgeukia akamwambia kwa Kikuyu, "Mama, keti. Rudi nyumbani." Wangeci akamjibu, "Nimetembea kutoka Giakanja, siwezi kurudi kabla sijapumzika." Hakimu ana uwezo wa kumwita mtu yeyote anayejua jambo la kesi, akamwita.

Nilimpa Biblia. Alirudia kiapo neno kwa neno, kisha akaniuliza, "Na nikisahau?"

"Sema umesahau," nikamwambia.

"Hiyo inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa sana, mama."

Akasema alikuwa ameteremka kuchota maji kukiwa na ukungu. Alimwona mtamba wa Muriithi akivuka kijito, akiburuta kamba. Alimjua kwa doa jeupe la paji la uso.

Mwendesha mashtaka akasimama. "Mama, una miaka mingi. Macho yako ni mazima? Unaiona ile saa ukutani?"

"Naiona."

"Inasema nini?"

"Haisemi kitu. Tangu nikae hapa haijasogea."

Ni kweli, saa ile ilikuwa imekufa siku nyingi na sote tulikuwa tumeizoea.

"Nani alikuwa akimvuta huyo mtamba?"

"Sikuona mtu."

"Kulikuwa na ukungu. Pengine mtu alikuwepo, hukumwona."

"Pengine," Wangeci alisema. "Sikatai. Mimi nasema nilichoona. Sikuona mtu."

"Na kwa nini umenyamaza mpaka leo?"

"Sikunyamaza! Nilimwambia Muriithi siku ile ile, jua likiwa hapa." Alionyesha kwa mkono. "Nilimwambia, mtamba wako amekata kamba, mfuate kijito. Wakaambiana yeye na hawa majirani zake, wakarudi wakaniambia maneno yangu hayasaidii."

Mmesikia neno hilo? Hayasaidii. Mtu pekee katika kijiji kizima aliyekuwa ameona kitu, naye ndiye aliyeambiwa hafai. Kama wangemsikia na kushuka kijito asubuhi ile, pengine Muriithi angempata mnyama wake akila majani ya mtu huko chini. Badala yake walikaa chini wakatunga koti la kijivu. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo linanikera zaidi. Waliamini kabisa kwamba Salimu ni mwizi. Waliona tu kwamba ukweli wao umepungukiwa na mtu wa kuuona, wakaujaliza.

Nilitafsiri maneno ya Wangeci mara mbili kama kawaida. "Mimi sikuona mtu." Nilipoyasema kwa Kiswahili, Salimu alifunika uso kwa mikono miwili, na mlinzi wake akamwacha.

Aliachiliwa. Wale watatu wakashtakiwa kwa kuapa uongo, Wanjohi akakiri, na wote wakaonja jela. Wanjohi alipotoka alinikuta sokoni. "Karani, ulinimaliza kwa mdomo wako," akaniambia. Nikamwambia, "Mdomo ulisema ya kwako, ndugu yangu. Uliyatanguliza tu." Alikaa muda bila kuniamkia, baadaye akarudi kwaya, na Jumapili ya kwanza nikamsogezea kitabu changu cha nyimbo tuimbe pamoja. Muriithi hakumpata mtamba. Alikwenda wapi, ni nani aliyemkuta, hakuna anayejua, kwa maana muda wa kuuliza ulikuwa umepotea kortini.

Na Wangeci? Msimu uliofuata hakuna mtu aliyekwenda kumlimia. Walimtoa katika ngwatio. Mvua ilikuwa karibu na shamba lake ni majani matupu. Ndipo asubuhi moja wakafika vijana wa Majengo na majembe ya kuazima, Salimu mbele, watu wa mbuzi na bucha ambao hawajawahi kulima hata bustani. Walilima kwa nguvu zote wakang'oa na nduma zake, yale magimbi ya kijitoni, nusu nzima. Wangeci aliwafukuza huku anacheka, "Tokeni! Tokeni, mtaniua na njaa!" Salimu akamwambia, "Mama, usijali kutulipa zamu. Sisi hatuna shamba."

Siku hizi hata Biblia yenyewe hamuioni. Mnatia sahihi hati za kiapo kwenye vibanda vya kompyuta, kwamba kitambulisho kimepotea, na kitambulisho kiko mfukoni. Nikisema, mnamjibu babu yenu, "Guka, hiyo ni fomu tu." Sawa. Ya korti, si ya kanisa. Haina neno.

Juzi alinijia kijana wa hapa jirani, mtoto mzuri, mama yake tunasali pamoja. Alitaka nimfundishe namna ya kusimama kizimbani, kwa sababu mjomba wake ana kesi ya shamba.

"Uliona walipoweka mpaka?" nikamuuliza.

"Mzee, wakati huo nilikuwa nafanya kazi Nairobi."

"Basi waambie ulikuwa Nairobi."

Alinisubiri kidogo, akifikiri kuna mengine. Nikamkaribisha chai, akakataa kwa adabu. Mwenzake alikuwa akimngoja langoni, na masikio yangu, namshukuru Mungu, bado ni yangu.

"Amesema nini?" mwenzake akamuuliza.

"Aah, wacha huyo. Ati mzee wa korti! Huyo hasaidii mtu."